Vijiti Katika Mkono wa Nyakerario

Kule juu ya Keumbu, ambako mashamba ya chai yamebandikwa kwenye miteremko hadi unashangaa ng'ombe hawaporomoki, hakuna aliyechuma chai kumshinda Nyakerario. Wenye vyeti walijaribu, wakarudi wakilia na migongo. Yeye cheti hana. Darasa la kwanza alikaa miaka mitatu, la pili miwili, kisha mwalimu akamwambia mama yake, kwa ile adabu ya walimu, kwamba dawati linahitajika. Hesabu haikuingia. Saa haikuingia. Lakini mpe kikapu asubuhi, mwachie mistari yake, usimwulize kitu. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili kama kuku wanaodonoa. Kijijini walimwita yule wa polepole. Polepole! Na waliosema hivyo walikuwa nyuma yake kwenye foleni ya mzani, kila siku ya Mungu.

Alikuwa na miaka thelathini, au thelathini na mmoja. Kitambulisho kinasema hivi na kaka yake Omosa anasema vile. Meno yote, miguu ya kupanda mlima, kicheko cha kuamsha mbwa. Na alikuwa na mtu wake, msidhani. Bosire, mpakiaji wa ndizi sokoni Keumbu, mabega kama mlango wa ghala na maneno machache. Bosire naye saa haijui, ila anajua lori la Nairobi likikaribia, na kazini kwake hilo ndilo linalotakiwa. Siku waliyojuana alimbebea mkungu wa ndizi kutoka sokoni mpaka nyumbani kwao, kilima chote, jasho likimtiririka, na alipoutua ndipo akaambiwa kwamba mkungu ule ulikuwa umepelekwa sokoni kuuzwa. Nyakerario alicheka mpaka akakaa chini. Bosire akakaa naye. Hiyo ndiyo ilikuwa posa, na nimeona posa za watu wenye digrii zilizokwenda vibaya zaidi.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha: mkono wake wa kushoto. Upande wa ndani, juu ya kiwiko, palikuwa na vijiti viwili chini ya ngozi. Ukivigusa vinateleza kidogo, kisha vinarudi mahali pake. Aliwekewa na mama yake, marehemu Mong'ina. Si kwamba Mong'ina alikuwa daktari. Alimpeleka zahanati, akaongea na muuguzi kwa sauti ya chini, na Nyakerario akaambiwa aangalie ukutani. Wakiwa njiani kurudi ndipo aliuliza.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni dawa yako. Usiiguse. Ikitoka hiyo, utakufa kama ile ng'ombe ya Nyakundi ililamba mbolea."

Nyakerario alikuwa amemwona ng'ombe wa Nyakundi. Alikufa mchana kweupe, miguu ikipiga hewa, ulimi nje. Basi hakuigusa dawa yake, isipokuwa kwa kidole kimoja, kuhakikisha bado ipo.

Msimhukumu Mong'ina haraka. Alikuwa mwanamke wa kazi. Alimfundisha bintiye kuoga, kupika, kukoroga uji bila madonge, kufua vitambaa vya mwezi na kuvianika mahali pa jua. Alimfundisha kila kitu isipokuwa damu ile inatoka kwa nini na mtoto anakuja vipi. Kisha siku moja mwanaume fulani wa jirani akamwita Nyakerario migombani na andazi mkononi. Mong'ina alifika na panga. Yule bwana siku hizi anaishi Sotik, na hata kwa mazishi ya babake hakuja. Wiki iliyofuata ndiyo ikawa ile safari ya zahanati. Muda wa vijiti ulipokwisha, Mong'ina akampeleka tena, vikatolewa vya zamani, vikawekwa vipya, na Nyakerario akaangalia ukuta uleule. Hakuna aliyemwuliza chochote. Miaka miwili baadaye shinikizo la damu likamwangusha Mong'ina shambani, jembe likiwa bado limesimama kwenye udongo.

Akazikwa. Na mvua za mwezi uliofuata zilipoanza, akarudi.

Alikuja saa nane mchana, wakati ule mvua ya Kisii hushuka mlimani kama mtu aliyekasirishwa. Wachumaji wengine walikimbilia kibanda cha mzani. Nyakerario alibaki amejifunika karatasi ya nailoni, na mwisho wa mstari wake akamwona mama amesimama, amevaa gambuti zake, na mvua haimlowanishi. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili alisema: "Nipe pa kukaa." Sauti yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ileile ya kuomba chumvi. Lakini mkono wa kushoto wa Nyakerario ukapoa kutoka bega hadi kucha, na pale kwenye vijiti akahisi kubanwa. Tangu siku hiyo alijua vile si vijiti. Ni vidole viwili vya mama, vimemshika.

Sasa, mgeni wa huku lazima aelezwe jambo. Kwetu marehemu hupewa mtoto. Mtu akifa, mtoto atakayezaliwa karibuni huitwa jina lake, na hapo marehemu hutulia. Kichanga kikilia bila kukoma, wazee hukitajia majina ya wafu, moja baada ya jingine, na lile litakalokinyamazisha ndilo lake. Asiyepata mtoto hukaa nje. Wazee huwaita ebirecha, hao wa nje, na hawapendi kukaa nje, hasa kwa baridi yetu hii.

Omosa alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, kwa hiyo hakuamini mambo hayo. Jumamosi hakuamini kabisa. Kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa alikuwa na wasiwasi. Ana watoto wanne, Bravin, Abner na wawili wengine, wote wanaume, na mwanaume huwezi kumwita Mong'ina. Ng'ombe wake akatupa mimba. Abner akaanguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika mkono. Omosa mwenyewe akawa analala kidogo baada ya chakula cha mchana na kuamka anatokwa jasho, akisema mama amesimama mlangoni amebeba viatu vyake mkononi, kama mtu asiyetaka kuchafua nyumba ya watu.

"Tupate msichana," alimwambia mkewe Purity. "Mmoja tu. Tumwite mama, mambo yaishe."

"Baba Bravin, tumbo ni langu na limechoka," Purity akasema, na akaenda kuchuma chai.

Siku hiyo Purity alichuma mstari ulio kando ya Nyakerario. Mvua ilikuwa bado. Nyakerario alikuwa akipapasa mkono wake, na Purity akamwona.

"Nawe uko nayo?" Purity akauliza.

"Dawa yangu. Mama aliniwekea."

"Dawa ya nini?"

"Ya kutokufa."

Purity akaacha kuchuma. Alitazama nyuma, akatazama mbele, kisha akapandisha mkono wa sweta. Palepale, upande wa ndani, juu ya kiwiko. "Gusa," akasema. Nyakerario akagusa. Viwili. Vinateleza, vinarudi.

"Wewe pia mama alikuwekea?"

"Ai! Nilijiwekea mwenyewe. Hii ni ya kuzuia mtoto, Nyakerario. Ukiwa nayo, hata ulale na Bosire mwaka mzima, hushiki mimba. Ukitaka mtoto unaenda wanatoa."

"Halafu unakufa."

"Nani alikuambia? Mimi nimetolewa nikazaa Abner, niko hapa nakuchumia chai." Kisha akashusha mkono wa sweta haraka. "Na kaka yako hajui. Ukimwambia, mimi na wewe tutakosana mpaka mbinguni."

Nyakerario hakumsikia sana. Alikuwa kwenye neno moja. Nilijiwekea mwenyewe. Hakujua kama mtu anaweza. Miaka yote ile alidhani mkono wa mwanamke ni wa mama yake.

Sasa sikiliza ujanja wa wifi. Wiki haikuisha, Omosa akambana tena Purity kuhusu msichana, mbele ya chakula, akipiga meza. Purity naye, kuokoa mkono wake, akautupa wa mwenzake.

"Kwani ni mimi peke yangu mwanamke boma hili? Dada yako ana kijiti. Mama mwenyewe alimwekea. Mtoe huyo, azae."

Omosa akaacha kutafuna. Kuna wanaume wangeona aibu wakisikia dada yao aliwekewa kitu mwilini bila kuambiwa. Omosa aliona mlango. Na kesho yake, kabla chai haijapimwa, akamtoa Nyakerario shambani na kumpeleka kituo cha afya, njia nzima akimweleza jinsi mama anavyoteseka kwa mvua. Nyakerario angeweza kumwambia siri ya Purity palepale, ikawa zamu ya Purity kuburutwa. Hakusema. Kumbuka hilo unapowasikia watu wakisema hawezi kutunza kitu.

Muuguzi aliitwa Istarlin. Msomali, ndiyo, lakini amezaliwa Kisii mjini, dukani kwa baba yake, na Ekegusii chake kimenyooka kuliko cha watoto wa Omosa.

"Sista, nimeleta huyu atolewe kijiti," Omosa akasema.

"Huyu ana jina?"

"Nyakerario. Lakini niulize mimi. Yeye haelewi vitu."

"Mzee, mkono wenye kijiti ni wako?"

"Ni wa dada yangu."

"Basi chako ni benchi. Nje hapo, upande wa kushoto."

Mzee wa kanisa akaenda benchi. Natamani ningekuwepo.

Istarlin akafunga mlango, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Alieleza polepole, akarudia, akamtaka Nyakerario arudie. Vijiti vinazuia mimba. Vikitoka, mimba inaweza kuja. Hafi mtu. Patauma kidogo kama kuchomwa na mwiba, patafungwa bandeji, ataenda nyumbani kupika.

"Kwa hiyo mama alinidanganya," Nyakerario akasema.

Istarlin akasema: "Labda aliogopa. Lakini alipaswa kukuuliza. Mimi nakuuliza. Unataka mtoto?"

Nyakerario alitazama mlango kwanza, kwa mazoea, aone nani atamjibia. Mlango ulikuwa umefungwa. Nje dirishani mawingu yalikuwa yameanza kushuka.

"Nataka. Mimi na Bosire tunataka. Lakini nataka wangu. Kaka anataka mama."

"Sijaelewa hapo."

"Mtoto akiwa mama, ataniamrisha. Ataniambia angalia ukuta." Akashika mkono wake. "Bado ananishika hapa. Saa hii ananishika."

Istarlin ni mtu wa vitabu, na kuna jambo ambalo kitabu hakikumwambia aandike wapi. Alichosema ni hiki: "Leo kaka yako ndiye amekuleta. Siku utakapojileta mwenyewe, nitavitoa. Ama usipotaka, vikae. Hakuna haraka."

Omosa alipoambiwa, alipandisha sauti mpaka akina mama waliokuja na watoto wa chanjo wakageuka. "Mama analala nje! Na huyu anafikiria! Tangu lini huyu akafikiria?"

Nyakerario alifikiria siku kumi na moja. Alifikiria akichuma, akikoroga uji, akimwambia Bosire. Kila saa nane mama alisimama mwisho wa mstari, na sasa alisimama karibu zaidi, mistari mitatu, mistari miwili. Siku ya kumi na mbili hakuchukua kikapu. Alishuka Keumbu, akamtoa Bosire chini ya lori, wakaenda.

"Na wewe," Istarlin akamwuliza Bosire, "mtoto akija utafanya nini?"

Bosire alifikiri. "Nitabeba."

"Utabeba nini?"

"Yeyote atakayechoka."

Istarlin akaandika, sijui aliandika nini. Aliwaambia mengine pia, kwamba watahitaji watu, kwamba kliniki ni kila mwezi, kwamba atawachorea jua na mwezi kwenye karatasi ili saa za dawa zisiwapotee. Kisha akachoma ganzi, akachana kidogo, akavitoa. Nyakerario safari hii hakuangalia ukuta. Vilikuwa vyeupe, vyembamba, urefu wa njiti ya kiberiti.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

Alivitazama muda mrefu. Havikuwa na kucha. Havikuwa vya mtu yeyote.

Mvua iliwakuta njiani. Mama hakusimama mwisho wa mstari siku hiyo. Alitembea nyuma yao, hatua za gambuti kwenye tope, mpaka langoni. Bosire hakuona kitu, yeye mwenyewe aliapa hakuona. Lakini kwenye kile kijia chembamba cha mtoni alisogea kando, akangoja, kama unavyofanya mtu akitaka kukupita.

Mimba ilikuja baada ya miezi mitano. Omosa akawa mtu mwingine. Alileta maziwa, alileta mayai, alimkataza dada yake kubeba kikapu kizito. Angekuwa anamfanyia dada, ingependeza. Lakini alisema na tumbo. "Umeamkaje, Mama?" aliliuliza, na Nyakerario akawa anajifunika leso mbili.

Akajifungua hospitali, mchana, na madaktari waliokuja kutazama kama ataweza kusukuma walimkuta ameshasukuma. Msichana. Kilo tatu na ushee, mapafu ya mhubiri.

Alipotoka hospitali, shangazi wawili wakaja nyumbani, Omosa akavaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Jumanne, Purity akachemsha chai, na Bosire akasimama mlangoni maana hakupewa kiti. Mtoto alikuwa analia. Alilia tangu njiani, alilia walipokaa, na nje mvua ya saa nane ikaanza kupiga bati. Omosa akasimama, akaanza kutaja wafu. Jina la bibi. Mtoto akalia. Jina la shangazi aliyekufa Nyamira. Akalia. Omosa alikuwa anazunguka tu, kila mtu alijua anakokwenda. Nyakerario akafungua blauzi, akampa mtoto titi.

"Mong'ina," Omosa akasema.

Mtoto akanyamaza.

Shangazi mmoja akajifunika mdomo. "Mmesikia?" Omosa akanong'ona, na machozi yalikuwa yanamtoka, mzee mzima. "Amefika. Mama, karibu nyumbani."

"Ananyonya," Nyakerario akasema.

"Ameitikia jina!"

"Ananyonya, kaka. Anaitwa Lavender."

"Lavender? Lavender ni nani? Alikufa lini?"

"Hajakufa. Ndiyo amezaliwa."

Basi yakaanza. Shangazi wakasema mtoto atalia mpaka akauke. Omosa akasema ng'ombe wa mahari wa Bosire hawajafika hapa hata mmoja, kwa hiyo mtoto ni wa boma hili na jina ni la boma hili, na tangu lini mtu asiyejua saa akajua jina. Purity alitazama ndani ya kikombe chake. Nyakerario hakubishana, kubishana hajui. Alikuwa anatazama mlangoni, pale alipokuwa amesimama Bosire, kando yake kidogo, pale palipokuwa na mtu mwingine mwenye viatu mkononi.

"Mama," akasema, na shangazi wote wakageukia mlango, "hapa pana mtu tayari."

Bosire akasogea kando kupisha. Na huyo aliyekuwa pale akatoka.

Mtoto alilia siku nne, kisha akaacha, kama watoto wote. Aliandikwa Lavender kwenye kile kijitabu cha kliniki, kwa mkono wa Istarlin, na Nyakerario akaweka alama yake chini. Mvua zilikuja kila siku saa nane na mwisho wa mstari hapakuwa na mtu. Ungedhani angefurahi. Lakini alianza kuwatangulia wengine kwenda shambani na kuwa wa mwisho kurudi, mtoto mgongoni, na mvua ikianza alisimama akitazama huku na huku kati ya chai. Alimfukuza mama yake mlangoni kwa mvua, na mama hakuwa na kwingine kwa kwenda. Mong'ina aliyemfulia, aliyemfundisha uji, aliyekuja na panga. Hakuna mtoto aliyemchukua mpaka leo. Purity bado anashusha mkono wa sweta, na Omosa haongei na dada yake isipokuwa kanisani.

Siku moja, Lavender akiwa na miezi mitano, Nyakerario alishindwa kuvumilia. Mvua ilikuwa nzito, wengine wote wamekimbilia kibandani. Aliita kwa sauti kubwa kuelekea mwisho wa mstari, mara moja tu.

"Mama!"

"Ee," ikajibiwa, mgongoni kwake.

Watoto wa miezi mitano hutoa sauti za kila aina, mwenye akili zake atakwambia hivyo, na mimi nimelea saba. Nyakerario alimweleza Bosire peke yake, walipokuwa wakimenya ndizi jikoni. Bosire akaweka kisu chini.

"Ukafanya nini?"

"Nilikaza leso," akasema. "Nikamwambia, Lavender, lala."

"Akalala?"

"Alikuwa amelala tangu mwanzo."